Kilele cha Saa Tatu Usiku

Mwaka 2000, barua pepe iliyotoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda Westlands, mwendo wa kilomita chache tu, ilizunguka nusu ya dunia. Ikiwa mtumaji na mpokeaji walikuwa wateja wa kampuni mbili tofauti za intaneti, ujumbe ulirushwa hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ukateremshwa Ulaya au Marekani, ukakabidhiwa kampuni ya pili huko huko, ukapaishwa tena angani, na ndipo ukashuka Westlands. Data iliyopita njia hiyo kwenda na kurudi ilitumia kati ya milisekunde 1,200 na 2,000, yaani hadi sekunde mbili nzima. Nafasi kwenye setilaiti ililipiwa kwa dola, na dola zenyewe zilikuwa nyingi. Kampuni za Kenya zilikuwa zikinunua anga ili jirani amsalimie jirani.

Mwezi Novemba mwaka huo, chama cha watoa huduma za mawasiliano nchini Kenya, TESPOK, kilifungua kituo cha kubadilishana data kilichoitwa KIXP. Kila kampuni ilileta laini yake mahali pamoja penye swichi, ikakabidhi data ya ndani kwa wenzake papo hapo. Wiki chache baadaye kituo kikafungwa. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba kituo kinaingilia haki hiyo, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kizimwe. TESPOK ikakata rufaa, mabishano yakachukua muda mrefu, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa upya, safari hii kikiwa na leseni. Muda wa safari ya data ya ndani ukashuka hadi milisekunde 60 au 80.

Hakuna setilaiti mpya iliyorushwa. Hakuna mkongo uliotandazwa. Nafasi ileile iliyokuwa ikilipiwa ilianza kutosha zaidi, kwa sababu mzigo usiostahili kuwa pale ulikuwa umeondolewa.

Kisa hicho kinastahili kukumbukwa kila waziri, meneja au mfadhili anaposema kwamba dawa ya intaneti inayosuasua ni kuongeza uwezo. Kuongeza ni muhimu, na kuna nyakati hakuna dawa nyingine. Lakini kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake. Mwaka 1948 Claude Shannon, mtafiti wa Bell Labs huko Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba kikomo hicho hutegemea upana wa masafa na nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele, na hakuna ujanja unaoweza kukivuka. Kwa hiyo mhandisi wa mtandao huulizwa mambo mawili tu yenye uzito: saa gani mzigo huwa mkubwa kuliko saa zote, na ni wapi njia huwa nyembamba kuliko pengine pote. Mtandao mzima hujengwa kwa ajili ya saa hiyo na mahali hapo. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki saa hiyo huangukia kati ya saa mbili na saa nne usiku, watu wakiwa wamesharudi nyumbani, wamekula na wameshika simu. Ikifika saa tisa usiku, mitambo ileile iliyokuwa ikizidiwa huwa haina kazi kubwa ya kufanya.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuliweka jambo hili katika hesabu alikuwa Mdenmark, Agner Krarup Erlang. Alizaliwa mwaka 1878, akaajiriwa na Kampuni ya Simu ya Copenhagen mwaka 1908, na mwaka uliofuata akachapisha makala yake ya kwanza kuhusu mwenendo wa simu zinazopigwa. Wenye kampuni walitaka kujua laini ngapi zinatosha. Ukiweka chache, wateja wanakataliwa. Ukiweka nyingi, fedha zinalala bure. Mwaka 1917 Erlang alitoa kanuni ambayo wahandisi wanaitumia mpaka leo, na kipimo cha mzigo wa simu kimepewa jina lake.

Kanuni hiyo ina jambo moja linalostahili kurudiwa polepole. Tuseme kampuni inakubali kwamba katika saa ya msongamano simu moja kati ya mia ikose nafasi. Ikiwa na laini 10, inaweza kubeba wastani wa mazungumzo manne na nusu hivi kwa wakati mmoja. Ikiwa na laini 100, inabeba 84. Laini zimeongezeka mara 10, lakini mzigo unaobebeka umeongezeka karibu mara 19. Ni kama benki yenye madirisha kumi: wateja wakipanga foleni moja inayoyalisha madirisha yote, hakuna karani atakayekaa bure wakati foleni ya jirani imefika mlangoni. Wanaochangia uwezo mmoja mkubwa hupata zaidi kuliko wanaogawana vipande vidogo vidogo, kwa sababu si wote wanaohitaji kwa dakika ileile.

Vyuo vikuu vya Afrika vililijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Utafiti wa mwaka 2004 kuhusu muunganisho wa vyuo vikuu vya bara hili uligundua kwamba chuo cha wastani kilikuwa na uwezo wa intaneti uliolingana na ule wa nyumba moja ya kawaida barani Ulaya, na kwamba kililipia kila kipande cha uwezo huo takriban mara 50 ya bei waliyolipa wenzao kwingineko duniani. Maelfu ya wanafunzi na walimu walibanana kwenye laini ambayo huko Ulaya ilihudumia baba, mama na watoto. Mafundi wa kompyuta vyuoni walifanya walichoweza. Waliweka seva ya kuhifadhi kurasa zilizokwisha kufunguliwa, ili mwanafunzi wa pili asizivute tena kutoka ng'ambo. Masasisho ya programu ya kuzuia virusi waliyapakua mara moja tu, usiku, kisha wakayagawa kwa kompyuta zote za chuo. Kompyuta zenye virusi vilivyokuwa vikituma takataka mchana kutwa walizikata kwenye mtandao.

Lakini mabadiliko makubwa yalikuja vyuo vilipoacha kununua kila kimoja peke yake. KENET nchini Kenya, TERNET nchini Tanzania na RENU nchini Uganda ni mitandao ya elimu na utafiti inayonunua uwezo kwa pamoja na kuugawa kwa wanachama. UbuntuNet Alliance ikaunganisha mitandao ya aina hiyo ya nchi mbalimbali za mashariki na kusini mwa Afrika. Hapo ndipo hesabu ya Erlang ilipoonekana kwa macho: chuo kimoja kikiwa likizo, nafasi yake haikai bure, chuo kingine kinafanya mitihani nayo.

Simu za zamani, hata hivyo, zilikuwa na adabu. Ikiwa laini hakuna, mpigaji alisikia mlio wa kukataliwa, akakata, akajaribu tena baadaye. Intaneti haikatai mtu. Data hukatwa katika vipande vidogo, pakiti, na kila pakiti huingia barabarani bila kuomba ruhusa. Pakiti zikizidi, ruta, yaani mtambo unaozielekeza njia, huzipanga foleni. Foleni ikijaa, pakiti zinazozidi hutupwa. Kompyuta iliyotuma pakiti ikiona jibu halirudi, huituma tena.

Oktoba 1986 tabia hiyo nusura iiangamize intaneti ikiwa bado changa. Kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, palikuwa na umbali wa mita 400 hivi na laini ya biti 32,000 kwa sekunde. Ghafla kasi ikaanguka hadi biti 40 kwa sekunde. Laini haikuwa imekatika wala mitambo haikuwa imeharibika. Kompyuta zilikuwa zikirudia kutuma pakiti zilezile, marudio yakaongeza msongamano, msongamano ukapoteza pakiti nyingine, nazo zikarudiwa. Laini ilikuwa imejaa pomoni, na karibu hakuna kilichofika.

Van Jacobson, aliyefanya kazi katika maabara hiyo, alishirikiana na Michael Karels wa chuo kikuu kutafuta ufumbuzi, na mwaka 1988 makala yake ikachapishwa. Kompyuta ilifundishwa kuanza polepole, kuongeza kasi kidogo kidogo kadiri majibu yanavyorudi, na ikihisi pakiti zinapotea, ipunguze mara moja kwa kiasi kikubwa. Hakuna ofisi kuu inayogawa zamu. Kila simu na kila kompyuta duniani hujizuia yenyewe kwa faida ya zote, na mamilioni ya watu hupitia laini moja bila kujuana. Ni miongoni mwa kazi kubwa za ushirikiano zilizowahi kubuniwa, na inafanyika sasa hivi ndani ya simu ya kila anayetumia intaneti.

Ufumbuzi huo ulikuja kuharibiwa kwa nia njema. Kumbukumbu za kompyuta ziliposhuka bei, watengenezaji wa ruta na modemu waliweka nafasi kubwa za foleni, wakidhani kwamba pakiti isiyotupwa ni faida. Mnamo mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, alianza kuchunguza kwa nini intaneti ya nyumbani kwake inalemaa kila faili kubwa linapotumwa. Aligundua kwamba foleni zilikuwa ndefu kupita kiasi. Kwa kuwa pakiti hazitupwi, kompyuta hazipati habari kwamba kuna msongamano. Zinaendelea kujaza, na kila pakiti inasubiri nyuma ya nyingine nyingi. Mwaka 2012 Van Jacobson yuleyule, akiwa na Kathleen Nichols, alitoa mbinu ya kupima muda ambao pakiti imekaa foleni badala ya kuhesabu zilizomo. Ikikaa mno, ruta hutupa baadhi mapema ili watumaji wapunguze mwendo. Leo mbinu za aina hiyo zimo katika ruta nyingi, na familia ambayo simu ya video hukwama kila mtoto anapopakia picha inaweza kupona kwa kubadilisha mpangilio wa ruta, bila kulipa hata shilingi moja zaidi kwa mwezi.

Hapo inakuja habari ya haki kati ya mizigo isiyolingana. Ujumbe mfupi wa simu hauzidi baiti 140. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007, ujumbe wa udogo huo umekuwa ukiwajulisha watu kwamba karo imelipwa, mshahara umeingia, dawa ya mama imepatikana. Saa moja ya video ya ubora wa juu inaweza kufikia gigabaiti 3. Nafasi iliyoliwa na saa hiyo moja ingetosha ujumbe mfupi zaidi ya milioni 21. Hakuna anayesema video ipigwe marufuku; watu wana haki ya kustarehe na kusoma kwa video pia. Lakini mtandao unaoipa kila pakiti uzito sawasawa wakati wa kilele unaweza kuyachelewesha malipo yanayofanywa kwa intaneti kwa sababu ya filamu ambayo ingeweza kusubiri nusu sekunde bila mtazamaji kugundua.

Kila mzigo una hulka yake. Mazungumzo ya sauti yanahitaji nafasi ndogo, lakini hayavumilii kuchelewa: Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, linashauri ucheleweshaji wa kwenda upande mmoja usizidi milisekunde 150, la sivyo watu wanaanza kudakizana maneno. Barua pepe haijali sekunde tatu. Masasisho ya simu yanaweza kungoja hadi alfajiri. Filamu inahitaji nafasi kubwa, ila programu inayoionyesha huhifadhi sekunde kadhaa za mbele na inaweza kushusha ubora njia ikibana. Mhandisi mwema huzipanga pakiti kwa hulka hizo. Hatari ni kwamba mamlaka ya kupanga hugeuka kuwa mamlaka ya kupendelea: kampuni ikaupa mzigo wake njia nyeupe na kuuchelewesha wa mshindani. Ndiyo maana kanuni za kupanga mizigo zinapaswa kuwa wazi kwa mteja na kwa mdhibiti. Mgonjwa anayezungumza na daktari kwa video kutoka kijijini ana haki ya kujua kama mazungumzo yake yamepangwa mbele au nyuma ya tangazo la biashara.

Machi 2020 Ulaya ilionyesha jinsi hulka hizo zinavyoweza kutumiwa wakati wa dharura. Virusi vya korona vilikuwa vimewafungia watu majumbani, wanafunzi wakisoma kwa video na wafanyakazi wakikutana kwa video. Kamishna wa Umoja wa Ulaya, Thierry Breton, alizungumza na mkuu wa Netflix, Reed Hastings, na kampuni hiyo ikakubali kupunguza kiwango cha data cha video zake barani humo kwa siku 30. Ilisema mzigo wake ungepungua kwa asilimia 25 hivi. YouTube ikafuata kwa kuanzisha video katika ubora wa kawaida. Robo ya mzigo wa kampuni kubwa kama ile iliondoka bila fundi kuchimba mtaro, na watazamaji waliendelea kuangalia filamu zao.

Afrika Mashariki wakati huo ilikuwa na mikongo ya baharini kwa zaidi ya miaka kumi. SEACOM ilianza kazi Julai 2009 ikipita Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS, inayotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu hadi Mombasa, ilikuja mwaka huohuo, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kila mkongo ulipofika, ilisemekana shida imekwisha. Nafasi iliongezeka kweli, bei zikashuka, na intaneti ikaacha kuwa mali ya ofisi chache. Lakini watu walipopata nafasi waliitumia, na jambo lile lililowasumbua waanzilishi wa KIXP likarudi kwa sura nyingine: data nyingi iliyotazamwa Kisumu na Nakuru ilikuwa ikivutwa kutoka seva za Ulaya na Marekani, video ileile ikivuka bahari mara elfu kwa watazamaji elfu.

Tiba yake ni kuhifadhi nakala karibu na watazamaji. Mwaka 2011 Google iliweka seva za aina hiyo nchini Kenya, na data iliyopita KIXP ikaongezeka sana. Kampuni nyingine za maudhui zikafuata. Tathmini za Internet Society zinaonyesha kwamba mwaka 2012 kilele cha KIXP kilikuwa gigabiti 1 kwa sekunde. Mwaka 2020 kilikuwa kimefika 19. Sehemu ya data iliyopatikana ndani ya nchi ilipanda kutoka asilimia 30 hivi hadi karibu asilimia 70, na fedha zilizookolewa zilikadiriwa kufikia dola milioni 6 kwa mwaka. Video inayopendwa huvuka bahari mara moja, kisha hugawiwa kutoka Nairobi. Dar es Salaam, Kampala na Kigali nazo zina vituo vya kubadilishana data, na kila kampuni inayojiunga huongeza faida ya zilizotangulia.

Mwendo wa mwisho, kutoka mnara hadi mkononi, ndio mgumu kuliko yote. Mkongo unaweza kuongezewa mwanga wa rangi nyingine, nao ukabeba zaidi katika uzi uleule. Masafa ya redio hayaongezeki hivyo. Kila mnara una kipande chake, na wote walio chini yake wanagawana. Kuna jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi: aliye karibu na mnara na aliye pembeni hawatumii hewa sawasawa. Mawimbi yakiwa na nguvu, mtandao wa 4G unaweza kupakia biti sita katika kila alama inayorushwa. Yakiwa dhaifu, hupakia mbili tu. Kwa hiyo video ileile humla mnara mara tatu zaidi inapotazamwa mbali, na anayeitazama mbali huathiri wote waliomzunguka. Mnara mdogo uliojengwa mahali panapofaa unaweza kuwasaidia hata wasiouona, kwa kuuondolea mnara wao wa zamani mzigo wa watu wa mbali.

Palipokosekana fedha za minara, kampuni zilijaribu bei. Mwishoni mwa miaka ya 2000, MTN ilianzisha katika baadhi ya nchi za Afrika, Uganda ikiwamo, mpango ambao punguzo la bei ya simu lilibadilika kwa saa na kwa mnara. Simu ilimwonyesha mteja punguzo la hapo alipo. Mnara uliokuwa na watu wengi ulitoa punguzo dogo, mnara uliokuwa mtupu ulitoa kubwa, na usiku wa manane lilikaribia bei nzima. Watu wa kipato kidogo walihamisha mazungumzo marefu hadi alfajiri. Vifurushi vya usiku vinavyouzwa leo vina mantiki hiyohiyo: mitambo imekwisha kununuliwa, umeme unawaka, na data ya saa tisa usiku haimsongi mtu.

Mantiki hiyo ina mipaka. Mwanafunzi wa sekondari asiyeweza kulipia data ya jioni hapaswi kulazimika kuamka saa nane usiku ili aone somo la kemia. Pale ambapo bei inahamisha starehe na masasisho ya simu, inafanya kazi njema. Inapohamisha masomo na matibabu ya watu maskini hadi saa za usingizi, tatizo la mtandao limegeuzwa kuwa tatizo la mwili wa mtoto. Seva ndogo ya masomo ndani ya shule, inayojazwa usiku na kusomwa mchana, ingemfaa zaidi kuliko punguzo lolote.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kila kilichosemwa hapa kilipimwa kwa siku moja. SEACOM na EASSy zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tayari mwezi Februari mikongo kadhaa, tawi la SEACOM likiwamo, ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Njia ya kaskazini ilikuwa na majeraha, sasa na ya kusini imefungwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Nape Nnauye, aliwaeleza wananchi kwamba hitilafu iko kwenye mikongo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Malipo yalikwama, ofisi zilisimama, watu waliwasha na kuzima simu wakidhani kosa ni lao.

Kampuni zilizokuwa na nafasi ya akiba kwenye mikongo mingine zilihamishia data huko, na wateja wao walirudi hewani mapema zaidi. Hapa upo mtihani mgumu wa kazi hii. Nafasi ya akiba inaonekana kama upotevu siku 364 za mwaka. Mhasibu anaiona kwenye karatasi na kuuliza kwa nini inalipiwa. Mtandao uliobanwa hadi tone la mwisho huonekana una ufanisi mkubwa mpaka siku nanga ya meli inapogusa mkongo, kama ilivyotokea kwa TEAMS mlangoni mwa bandari ya Mombasa mwezi Februari 2012. Ufanisi wa kweli unahesabu na siku hiyo.

Siku hiyo ya Mei ilifichua pia jambo la pili. Kwenye mitandao iliyokuwa na nakala za ndani na kuunganishwa na vituo vya kubadilishana data, baadhi ya huduma ziliendelea kupatikana. Lakini huduma nyingi zinazoitwa za hapa nyumbani zina seva zake Johannesburg, Cape Town au Ulaya. Mtu wa Morogoro anayetaka kuona salio lake hutuma ombi linalovuka mipaka kadhaa na kurudi. Taasisi ya umma inayohudumia wananchi wa nchi moja haina sababu nzuri ya kuweka nakala yake pekee ng'ambo ya bahari. Vituo vya data vipo Nairobi, vipo Dar es Salaam. Tanzania ina Mkongo wa Taifa unaofika mikoani, na kila tovuti ya serikali, chuo au hospitali inayorudishwa nyumbani hupunguza mzigo wa kimataifa, hupunguza muda wa kusubiri na hubaki hai siku bahari inapofunga njia.

Wadhibiti wa Kenya na Tanzania hutoa takwimu kila robo mwaka. Laini za simu zinahesabiwa, watumiaji wa intaneti wanahesabiwa, na Kenya huonyesha pia uwezo wa kimataifa uliopo na uliotumika. Hizo ni kazi njema. Ila takwimu ya nchi nzima haiwezi kueleza kwa nini mtu wa kijijini anashindwa kupakua fomu wakati uwezo wa baharini haujajaa. Mahali pembamba pake huenda ni mnara mmoja uliounganishwa kwa redio ya zamani na mji wa jirani, na mkongo wa kumi Mombasa hautamgusa. Kinachokosekana ni takwimu za saa ya kilele, wilaya kwa wilaya na kaunti kwa kaunti: mnara umejaa kwa asilimia ngapi saa tatu usiku, data inasubiri milisekunde ngapi, sehemu gani ya data imetoka ndani ya nchi. Kampuni za simu zinazo namba hizo, kwa sababu bila hizo haziwezi kuendesha mitandao yao. Zikitangazwa, diwani ataweza kudai mnara palipo na haja, mkuu wa shule atajua kama anahitaji laini kubwa zaidi au seva ya shilingi chache, na fedha za umma zinazotengwa kwa mawasiliano ya vijijini zitapelekwa mahali ambapo pakiti zinakwama.